Sketi ya Saba

Katika kile chumba cha cherehani kazi iligawanywa tangu siku ya kwanza, na haikugawanywa tena. Dada mkubwa alikata, mdogo akashona. Meza ya kukatia ilikaa upande wa dirisha, penye mwanga. Cherehani ilikaa karibu na mlango, mahali ambapo mshonaji aliweza kunyoosha miguu na kusikia habari za wapita njia. Kwa miaka kumi na minne hakuna aliyekalia kiti cha mwenzake. Hapakuwa na ugomvi wowote, hapakuwa na haja tu. Ukimwuliza mdogo kola inakatwaje, alikuonyesha dada yake kwa kidevu. Ukimwuliza dada zipu inapachikwaje isikunjamane, naye akakuonyesha mdogo wake kwa kidevu hichohicho, maana walikuwa wamefanana sura.

Sasa ilikuwa wiki ya sita tangu mazishi, na kiti cha dirishani hakikuwa na mtu. Juu ya meza kulikuwa na kitambaa cha kijani kilichokunjwa ndani ya karatasi yake. Mshonaji alikuwa anakipangusa vumbi kila asubuhi bila kukifungua.

Kitambaa hicho kilikuwa cha kwaya ya shule. Wasichana walikuwa saba, na mwalimu wao alitaka sketi za mwavuli, zile zinazofunguka ukizunguka, zifike chini kidogo ya goti, zote rangi moja, kwa ajili ya siku ya wazazi. Dada alinunua jora lililobaki dukani, akapasua vipande saba vya mraba, kila kimoja mita moja na nusu kila upande. Kabla hajalazwa alikata sita. Cha saba kilikuwa cha binti yake mwenyewe. Huyo alimweka mwisho, kwa kuwa mama yake ndiye aliyekuwa akikata, hakuwa na mwingine wa kuja kugonga mlango na kuuliza imefikia wapi.

Binti huyo walimwita Kifungo. Alijifunza kutambaa chini ya meza ya kukatia akiokota vifungo, na siku moja alimeza kimoja, wakakaa siku mbili nzima wakikingoja. Jina likamganda. Sasa alikuwa na miaka kumi na minne, yuko kidato cha kwanza, na alikuwa amehamia kwa mama yake mdogo na begi moja la nguo na moja la vitabu.

Siku za mwisho kule wodini, dada aliongea machache, na mengi yalikuwa ya kazi. Nani hajachukua gauni lake, mkasi mkubwa unolewe kwa nani. Kisha akasema, "Ya Kifungo utaikata wewe." Mdogo akajibu sawa, wewe pumzika. Alisema sawa kama mtu anavyomwambia mgonjwa sawa. Haikumpitia kichwani kwamba anaweka ahadi.

Siku ya wazazi ilikuwa Jumamosi. Jumatatu mchana alikuja fundi wa duka la kona, mwanamke mzito wa mwili na mwepesi wa ulimi, akasimama mlangoni na kusema kwa upole kwamba kile kitambaa kama kinamlemea mtu, yeye angekikata kwa nusu saa, wala asitake asante. Alikuwa na nia njema na alijua kazi. Mshonaji akamshukuru, akasema atamwuliza mwenye sketi.

Mwenye sketi alirudi kutoka shule saa tisa, akasikiliza huku akivua viatu. "Mama Mdogo, akikata yule sitaivaa," akasema. Hakusema kwa jeuri. Alisema kama mtu anayekwambia maji yamekatika. "Sita amekata mama. Ya saba akikata mtu wa nje, mimi nitasimama pale kama nani?"

Mshonaji alitaka kumwambia kwamba yeye mwenyewe, kwa mambo ya kukata, ni mtu wa nje tu. Lakini alisema wataona.

Walianza kwa kipimo. Nyuma ya mlango, kwenye msumari mrefu, zilining'inia nyuzi za dada. Daftari la vipimo hakuwahi kuwa nalo, alidai madaftari hupotea. Kila mteja alikuwa na uzi wake mnene wa pamba, uliozungushwa kiunoni mara moja na kukatwa hapohapo, na ncha yake moja imefungwa kipande cha karatasi chenye jina. Nyuzi za watu wengine zilikuwa na miaka tisa pale. Wateja walitaniana kwamba ukitaka kujua nani amenenepa mtaani, nenda kaulize msumari.

Mshonaji akautafuta uzi wa Kifungo, akaupata katikati, mwandiko wa dada, wino umefifia. Akauzungusha kiunoni mwa msichana. Ncha hazikukutana. Palibaki nafasi ya vidole vitatu.

Wote wawili wakaitazama ile nafasi.

"Ulipimwa lini?"

"Ya sare. Nilipokuwa darasa la sita."

Mshonaji akaurudisha ule uzi msumarini, akakata mpya. Sentimita sitini na sita. Hilo lilikuwa rahisi. Urefu nao ulikuwa rahisi, futi ya kamba kutoka kiunoni hadi chini ya goti, sitini kamili. Tatizo lilikuwa kilichofuata. Sketi ya mwavuli haina mishono ya kuficha makosa. Ni duara moja kubwa lenye tundu dogo katikati, na kiuno kinakaa kwenye lile tundu. Tundu likipungua unaweza kulichonga kidogo. Likizidi, basi tena, maana kitambaa kilichoondoka hakirudi, na kwenye lile duka la jora kijani kile kilikwisha.

Sasa unatokaje kwenye uzi uliozunguka kiuno hadi kwenye tundu? Mshonaji alijua jambo moja tu. Alikuwa amemwona dada yake, mara mia kama si elfu, akiukunja uzi mara tatu kabla ya kushika chaki. Hakuwahi kueleza. Akikata, mdomo wake ulikuwa umejaa pini, na mtu mwenye pini mdomoni haulizwi swali.

"Sisi tumesoma duara," Kifungo akasema. Kisha akajirekebisha. "Wamesoma. Mimi sikuwepo."

Ilikuwa ile wiki ya mazishi. Aliporudi darasani, wenzake walikuwa wamelimaliza duara na kuingia mada nyingine, akanakili tu kutoka kwenye daftari la jirani yake. Jumatatu ijayo mwalimu wa hesabu angempa jaribio lake peke yake. Akafungua daftari na kusoma kwa sauti ya kukariri: kitovu, nusu kipenyo, kipenyo, mzingo, tao, ugwe. Mzingo ni mstari wa kuzunguka duara. Kipenyo ni mstari unaokata duara kupitia kitovu, kutoka ukingo hadi ukingo. Alisoma vizuri, bila kukwama, kama mtu anayesoma majina ya vijiji asivyowahi kufika.

"Haya," mshonaji akasema. "Tujaribu kwa shuka."

Shuka lilikuwa kuukuu, limechoka katikati. Wakalikunja mara mbili, halafu mara mbili tena, likawa kipande kinene chenye pembe nne. Hapo mshonaji alikuwa na neno moja la dada yake, alilolisikia siku ambayo pini zilikuwa zimeisha: kitambaa kilichokunjwa kina midomo na kina mgongo, na tundu hukatwa kwenye mgongo. Akaitafuta pembe isiyofunguka upande wowote. Akaunyoosha uzi mezani, akaukunja mara tatu, ikatoka sentimita ishirini na mbili. Akaweka ncha kwenye ile pembe, akazungusha chaki upande mmoja hadi mwingine, akakata.

Wakalifungua. Kifungo akaliingia, na shuka likampita kiunoni, likampita makalioni, likatua sakafuni.

Nje ya mlango, kwenye kigoda chake, alikuwapo fundi viatu. Kivuli cha ukuta wao kilikuwa ofisi yake kwa miaka mingi, na mashauri yake hayakuhitaji kuombwa. Akageuza kichwa, akatazama lile tundu kwa makini ya mtu wa ufundi.

"Hii si mbaya, fundi," akasema. "Msichana aimbe sauti ya kwanza, na mwenzake aingie upande wa pili aimbe ya pili."

Kifungo alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, lakini ndicho cha kwanza katika wiki sita, na mshonaji akajikuta hawezi kumkasirikia yule mtu. Akamuuliza Kifungo, kati ya yale majina yote ya kwenye daftari, ni lipi hilo walilolikata. Kifungo akatazama daftari, akatazama shuka, akalifunga daftari. Alijua majina na hakujua wenyewe.

Fundi viatu akatoa shauri la pili: watoboe tundu dogo tu, kisha wapanue kidogokidogo hadi kiuno kiingie, kama yeye anavyopanua tundu la mkanda. Lilisikika la maana. Jumanne wakachukua shuka la pili na kufanya hivyo. Mshonaji alichonga hapa, akachonga pale, akamvisha, akamvua, akachonga tena. Mwishowe kiuno kikaingia. Lakini sketi ilipokaa mwilini, mbele iligusa muundi na nyuma ikapanda juu ya goti, na mikunjo yote ilikimbilia upande mmoja. Wakaivua, wakaitandaza mezani. Tundu lilikuwa na umbo la yai.

"Kifungo," mshonaji akasema, "mimi mkono wangu si wa kukata."

Msichana akaenda kukaa kizingitini na daftari lake, akageukia barabara.

Jumatano asubuhi, Kifungo akiwa shule, mshonaji alijikaza na kukata shauri. Angekipeleka kitambaa kwa fundi wa kona na kusema amekikata mwenyewe. Si uongo mkubwa, alijiambia. Mtoto atasimama na wenzake, atavaa, atapigwa picha. Kukosa sketi ni kubaya kuliko kukosa ukweli wa nani alishika mkasi. Akakifunga kitambaa kwenye karatasi yake, akaona anahitaji pini ya kubana karatasi yenye vipimo, na za kwake zilikuwa zimeisha. Ndipo akaivuta droo ya meza ya kukatia, ambayo tangu mazishi hakuwa ameigusa.

Pini zilikuwepo. Chini ya kopo la pini, pamoja na chaki zilizokatika na glovu moja ya mkono wa kushoto, kulikuwa na rundo dogo la vitambaa vya kijani, limebanwa kwa pini moja. Akalitoa. Vilikuwa vipande vya duara, sita, vyenye ukubwa wa sahani ya kikombe. Katikati ya kila kimoja palikuwa na kijikaratasi chenye jina la msichana wa kwaya.

Ilimchukua muda kuelewa anatazama nini. Ni yale matundu. Ni kile kinachotoka katikati ya sketi na kuanguka chini ya meza, ambacho fundi yeyote mwingine hukifagia. Sasa akakumbuka: dada aliviita visahani, na akimaliza kukata aliinama kuviokota, akavitazama, akavitia droo. Mshonaji alidhani anavihifadhi kwa ajili ya viraka.

Pini ilikuwa mkononi, na kitambaa kimefungwa tayari. Akasimama hivyo kwa dakika moja au mbili. Kisha akakifungua tena, akavipanga visahani sita mezani, akaenda kwenye msumari na kuzitafuta zile nyuzi sita zenye majina yaleyale.

Saa tisa Kifungo alipoingia, aliikuta meza ya mama yake imepangwa kama darasa. Kila kisahani kimelala juu ya uzi wake. Akavua viatu, akavuta kiti. Hakuvuta kile cha dirishani, akavuta kingine, akainama juu ya kisahani cha kwanza na kukielekeza kwenye mwanga.

"Kina mistari," akasema.

Kilikuwa na mistari kweli. Kitambaa kilipokunjwa mara nne na kupigwa pasi kabla ya kukatwa, mikunjo ilibaki. Mikunjo miwili, inayokatana katikati kama njia panda.

"Hapa inapokutana," Kifungo akasema na kuweka kidole, "ni kitovu." Akafungua daftari kuhakikisha, ingawa hakuhitaji. Akaufuata mkunjo mmoja kwa ukucha kutoka ukingo hadi ukingo. "Huu unapita kwenye kitovu. Hiki ni kipenyo. Na huu mwingine pia. Kumbe vinaweza kuwa vingi." Akarudisha ukucha katikati na kutoka nao mara moja tu hadi ukingoni. "Nusu kipenyo." Akazunguka ukingo wote. "Mzingo."

"Mzingo ndio kiuno?" mshonaji akauliza.

"Mzingo ndio kiuno."

Walianza kupima. Uzi wa msichana wa kwanza, ambao ndio kiuno chake, ndio mzingo wake, waliulaza juu ya kisahani kupitia kitovu, ukingo hadi ukingo, wakarudi, wakarudi tena. Ukaingia mara tatu na kubaki. Wakaenda kwa wa pili, mara tatu na kubaki. Wa tatu alikuwa mnene, uzi wake mrefu na kisahani chake kikubwa, nao mara tatu na kubaki. Kifungo alikuwa amekwisha kupiga magoti kwenye kiti. Katika daftari palikuwa na mstari aliounakili bila kuujali, kwamba mzingo ni kipenyo mara tatu na kidogo. Sasa akausoma upya, polepole, kama barua iliyochelewa.

"Mama Mdogo, juzi ulikunja mara tatu."

"Mara tatu, ndiyo. Ndivyo alivyokuwa anakunja."

"Basi ulipata kipenyo. Lakini pale kwenye pembe chaki inatoka kitovuni. Inataka nusu. Ulitumia kipenyo kama nusu kipenyo, ndiyo maana lile tundu likawa la watu wawili."

"Nilisema mimi," fundi viatu akaitikia kutoka nje.

Mshonaji hakucheka. Alikuwa amezishika ncha zote mbili za uzi mpya wa Kifungo pamoja, kati ya kidole gumba na cha shahada, na uzi uliobaki ukining'inia kama kitanzi. Mkono wake ulikuwa umefanya hivyo wenyewe. Aliuona mkono mwingine ukifanya hivyo, mara elfu, pale dirishani: dada akizungusha uzi kiunoni mwa mteja, akizibana ncha mbili zinapokutana, akiutoa uzi vilevile bila kuziachia, na ndipo akikunja mara tatu. Hakuwahi kuunyoosha mezani. Uzi ulikuwa umekwisha kukunjwa mara mbili kabla hajaanza kuukunja.

"Mara sita," akasema. "Alikuwa anakunja mara sita. Mimi niliziona tatu tu."

Akakunja. Sitini na sita ikawa kumi na moja. Lakini walipoukunja uzi wa msichana wa kwanza hivyohivyo na kuuweka juu ya kisahani chake, kutoka kitovuni kwenda nje, ulivuka ukingo. Wakajaribu wa pili. Ukavuka, na kwa kiasi kilekile. Hata wa yule mnene ulivuka kwa kiasi kilekile. Kifungo akaweka kidole chake cha mwisho kwenye sehemu iliyovuka. Kikatoshea, ukucha na nyama yake, bila kubaki wala kuzidi.

Hili walilijadili hadi jua likahama kwenye meza. Kifungo alisema ni ile "na kidogo" ya kwenye daftari: ukigawa kwa sita kamili unapata zaidi, kwa sababu ni sita na kitu. Mshonaji akasema haiwezi kuwa hiyo peke yake, kwa kuwa mkanda wa kiuno unashonwa sentimita moja ndani, na hilo analijua yeye aliyeshona mikanda miaka kumi na minne. Tundu lazima likatwe dogo ili likishonwa liwe sawa. Mwishowe walikubaliana kwamba kile kidole kinakula vyote viwili. Dada hakuwa amesoma hata hiyo mada ya duara. Alikuwa na kidole.

Kumi na moja, utoe kidole, ni tisa na nusu.

Lilibaki shuka kuukuu moja, la jaribio moja. Tundu lilitoka zuri. Kosa safari hii lilikuwa chini, kwenye pindo. Mshonaji alipiga alama saba za chaki, zote sitini kutoka tundu, halafu akachukua rula na kuziunganisha moja hadi nyingine kwa mistari iliyonyooka, kwa kuwa mkono wa mshonaji hupenda kunyooka. Sketi ilipofunguliwa, pindo lilikuwa na vipembe kama kifuniko cha chupa.

Kifungo akakishika kipembe kimoja, akakitazama, akasonya kidogo, kisha akasema hili nalo lina jina. Mstari ulionyooka kati ya nukta mbili za mzingo ni ugwe. Sehemu ya mzingo yenyewe, iliyopinda kutoka nukta hadi nukta, ni tao. Mama Mdogo amekata ugwe mahali pa tao. Alilisema bila kufungua daftari.

Alhamisi mshonaji hakufungua duka hadi saa nne. Aliifuta meza, akaupeleka mkasi mkubwa kunolewa kwa yule mtu ambaye dada alimtaja wodini, akapiga pasi kitambaa cha kijani. Alikunja mara mbili, akageuza, akakunja mara mbili tena. Akaitafuta pembe ya mgongo kwa vidole, akaifungua na kuifunga mara tatu kuhakikisha haina mdomo. Akaweka pini. Pini zilizobaki akaziweka mdomoni, bila kufikiri, na hapo akaelewa kwamba dada yake hakuwa mchoyo wa maelezo. Mikono ilikuwa na kazi na pini hazikuwa na pengine pa kukaa.

Akakaa kwenye kiti cha dirishani, maana mwanga ulikuwa pale.

Tisa na nusu kutoka kwenye ile pembe, chaki ikazunguka, tao la kwanza. Sitini kutoka hapo, alama baada ya alama, karibukaribu kama mishono, hata hapakuwa na nafasi ya rula, tao la pili. Akashika mkasi. Fundi viatu, ambaye kwa kawaida angepata la kusema, aliiweka nyundo yake chini na kutazama barabara.

Alikata pindo kwanza, kwa kuwa lilimpa muda. Kisha tundu. Mkasi ulipita safu nne za kitambaa kwa ile sauti nzito, na kisahani kikaanguka chini ya meza.

Sketi ya mwavuli haipindwi siku ileile. Kitambaa kilichokatwa kwa mviringo hushuka kwa uzito wake, sehemu moja zaidi ya nyingine, na ukikipinda mapema pindo litaharibika baada ya wiki. Hilo mshonaji alilijua, ni upande wake wa kazi. Akashona mkanda na zipu, akaitundika dirishani, ikakaa hapo hadi Ijumaa jioni. Kifungo alipotoka shule aliizunguka bila kuigusa. Ijumaa akaivaa, akasimama juu ya meza, na mama yake mdogo akamzunguka kwa magoti na futi na pini, akisawazisha. Mahali pawili tu palikuwa pameshuka. Kiuno kilikaa. Aliingiza kidole kimoja kwenye mkanda, kikaingia kwa shida, na ndivyo inavyotakiwa.

"Zunguka," akamwambia.

Akazunguka juu ya meza mara moja, polepole, sketi ikainuka sawasawa pande zote. Mshonaji akaondoa pini mdomoni, akasema ashuke kabla hajavunja meza ya watu.

Jumamosi, kwenye uwanja wa shule, wasichana saba walisimama kwa mstari. Mshonaji alikaa safu ya nne na fundi wa kona, aliyekuja kumwona binti yake. Katika wimbo wa pili waligeuka wote pamoja. Fundi wa kona alitazama yale mapindo kwa jicho la kazi, kutoka wa kwanza hadi wa saba na kurudi, akamwuliza mwenzake ni ipi aliyoikata yeye. Mshonaji akamwambia ni ya tatu kutoka kushoto. Yule mama akaitazama tena, akaguna, akasema kwamba yeye angedhani ni ya mwisho.

Jumapili Kifungo alikaa mezani na daftari. Alikuwa amekiokota kisahani siku ileile ya Alhamisi, akakipiga pasi, akaandika juu yake kwa kalamu ya wino, kwa herufi ndogondogo: kitovu pale mikunjo inapokutana, kipenyo, nusu kipenyo, mzingo kwa mviringo wote wa ukingo. Kwenye robo moja alichora mstari ulionyooka na kuuandika ugwe, na juu ya kipande cha ukingo kilichobaki nje yake akaandika tao. Alitaka kukibandika kwenye daftari.

Mshonaji alikuwa amelitoa lile rundo kwenye droo, na kijikaratasi chenye jina kilikuwa tayari mkononi mwake, mwandiko wake mwenyewe, usiofanana na wa dada.

"Hiki kinakaa na wenzake," akasema.

"Nina jaribio kesho, Mama Mdogo."

Mshonaji akakitazama kile kisahani, na maandishi yake, na wino uliopenya hadi upande wa pili.

"Basi kitumie leo kusomea," akasema. "Kesho ukienda shule kiache hapa mezani. Ukienda nacho watasema umeibia."

Akaichomeka pini kwenye rundo la visahani sita bila kuisukuma hadi mwisho, akaacha nafasi ya cha saba, na rundo akaliacha nje ya droo.